Mwani Ukivamia Tangi la Matumbawe: Jua Ni Upi Kabla ya Kushika Dawa

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha picha kwenye simu. Mawe yote ya tangi lake yalikuwa yamefunikwa na kitu cha kahawia. "Shikamoo. Niweke dawa gani?" Niliitikia marahaba, kisha nikamuuliza maswali matatu. Ukikigusa kwa kidole kinatoka kama vumbi, kinabanduka kama ngozi, au kimeng'ang'ania kama kina mizizi? Asubuhi kabla taa hazijawaka kiko vilevile kama jana jioni, au kimepungua? Na konokono wako wanatembea, au wamelala chali mchangani?

Hakuwa na jibu hata moja, na simlaumu. Tangi likichafuka mtu huona aibu mbele ya wageni, akataka lisafike leo hii. Shida ni kwamba tunachokiita "mwani" ndani ya tangi la maji chumvi ni viumbe wa koo mbalimbali kabisa. Kuna mwani kweli, kuna bakteria, na kuna vijidudu vya seli moja vinavyoogelea. Dawa ya mmoja humstawisha mwingine. Mimi niliwahi kuua konokono wote wa tangi langu kwa kutibu kitu nisichokijua, na kisa hicho nitakieleza mbele.

Pima, lakini sifuri ichunguze

Tangi langu ni la lita 200, lipo Dar es Salaam, lina matumbawe laini na machache magumu. Chumvi naiweka kwenye gramu 35 kwa kilo ya maji, yaani 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji. Joto nalishikilia kati ya nyuzi 25 na 27, na kwa hali ya hewa yetu hiyo si kazi ndogo. Kisha kuna naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyolisha mwani. Naitreti naitaka kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1.

Kipimo cha fosfeti kinachoonyesha sifuri kina maana mbili zinazopingana. Mawe yakiwa yameota nywele nzito za kijani, sifuri hiyo haimaanishi kwamba fosfeti haipo. Inaingia kila siku, mwani unaimeza kabla hujachota maji ya kupima. Ila kama unachokiona ni kamasi la kahawia na kipimo kinasoma sifuri, basi huenda ni sifuri ya kweli, tangi lina njaa, na njaa hiyo ndiyo chanzo. Kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Isome ukiwa unatazama mawe.

Vumbi la kahawia kwenye tangi changa

Hizi ni diatomu, vijimwani vya seli moja vinavyojijengea ganda la silika. Hutokea wiki chache baada ya tangi kuanzishwa, hufunika mchanga na vioo, na ukipitisha kidole vinatoka kama unga. Usifanye lolote zaidi ya kufuta kioo. Silika iliyokuja na mchanga na mawe mapya ikiisha, navyo huisha.

Vikirudi kwenye tangi la mwaka mmoja au miwili, kagua maji unayojazia. Mara nyingi kichujio cha RO, kile kinachoondoa karibu kila kilichoyeyuka majini, kimechoka. Kipima TDS (jumla ya vilivyoyeyuka majini) cha bei ndogo kitakuambia: maji ya kujazia yanatakiwa yasome 0, au karibu sana na hapo.

Nywele za kijani

Huu ndio ugomvi wa wengi. Nyuzi za kijani, fupi au ndefu kama kidole, zimeshika jiwe na ukizivuta zinakatika. Mara nyingi ni jamii ya Derbesia au Cladophora. Chanzo chake hakina siri: chakula kingi na mwanga mwingi, bila wa kuzila. Swali la kuhangaikia ni chakula hicho kinaingilia wapi, maana milango ni mingi kuliko tunavyodhani.

Mlango wa kwanza ni maji ya kujazia. Huku kwetu wenye matangi wengi wanapoza maji kwa feni, na feni inakausha maji. Tangi la lita 200 linaweza kupoteza lita nne kwa siku. Kinachopaa ni maji matupu. Chumvi na kila kilichoyeyuka hubaki. Sasa chukulia unajazia maji ya kisima yenye fosfeti miligramu 0.5 kwa lita. Lita nne kwa siku ni miligramu 2. Kwa siku 30 umeingiza miligramu 60, na ukizigawa kwa lita 200 unapata 0.3 kwa lita, mara tatu ya kiwango cha juu ninachokikubali, kwa mwezi mmoja tu, kabla hujamlisha samaki hata mmoja. Nimewaona watu wakinunua mashine za gharama kubwa huku ndoo ya kujazia ikiwa imetoka bombani. Anza na ndoo.

Mlango wa pili ni chakula. Kamba na samaki walioganda huja na maji yao yaliyojaa fosfeti. Wayeyushe kwenye kikombe, wachuje kwa chujio la chai, yale maji yamwage. Lisha kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Mlango wa tatu umejificha, nao ndio unaowakatisha watu tamaa: jiwe lenyewe. Mawe yetu ni chokaa, na chokaa hunasa fosfeti. Tangi lililolishwa ovyo kwa miaka miwili limeweka akiba ndani ya mawe. Ukiitoa fosfeti majini leo, kesho jiwe linatema nyingine, na mtu anadhani dawa yake ni feki. Si feki. Unalipa deni la miaka miwili, na litalipika kwa miezi. Hapa ndipo chembechembe za oksidi ya chuma, ambazo hunasa fosfeti, zinaposaidia: zifunge kwenye mfuko, weka kidogo, badilisha mara kwa mara, na kila wiki pima. Usishushe fosfeti kutoka 0.5 hadi 0.03 kwa siku tatu. Matumbawe magumu hayavumilii mshtuko huo. Ncha zao zitageuka nyeupe na nyama itaanza kubanduka.

Wakati deni linalipwa, fanya kazi ya mikono. Ng'oa nyuzi kwa vidole huku mpira wa kunyonyea maji ukiwa karibu, ili vipande visisambae. Jiwe linalotoka, litoe, lisugue kwa mswaki mgumu ndani ya ndoo ya maji chumvi, suuza, rudisha. Vaa glavu na miwani, na jiwe lisichemshwe wala kumwagiwa maji ya moto hata siku moja. Baadhi ya viumbe wa jamii ya Palythoa, ndugu wa matumbawe, wana palitoksini, sumu kali mno, na watu wamelazwa hospitalini baada ya kuvuta mvuke wa mawe waliyoyachemsha.

Kisha waweke walaji. Mwamba wa baharini umejaa chakula cha mwani wakati wote, lakini unakuta jiwe safi kwa sababu kila kichipukizi kinang'olewa na mdomo wa mlaji. Kule Karibiani walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1983 ugonjwa uliingia kwa nungu wa baharini wa jamii ya Diadema, wale weusi wa miiba mirefu, ukaua zaidi ya asilimia 90 ya wote. Miamba ya Jamaica, ambayo samaki wake walaji walikuwa wameshavuliwa sana, ikafunikwa na mwani. Hakuna aliyemwaga mbolea ghafla mwaka ule. Aliyeondoka ni mlaji.

Kwa tangi la lita 200, konokono 15 hadi 20 wa jamii ya Trochus au Turbo wanafanya kazi nzuri, na Trochus ana faida moja: akianguka chali anaweza kujigeuza. Nungu mmoja wa Tripneustes gratilla, ambaye ni mwenyeji wa bahari yetu, atasafisha jiwe hadi jeupe, ila atabeba mgongoni kila kipande cha tumbawe ambacho hukukigundisha vizuri. Samaki kangaja na tasi ni walaji hodari kuliko wote, lakini hao wanahitaji tangi kubwa, lita 400 na kuendelea. Kumfungia kangaja kwenye tangi dogo ni kumtesa. Tasi, kama wavuvi wanavyojua, ana miiba yenye sumu, kwa hiyo usimshike kwa mkono mtupu.

Njia nyingine ninayoipenda ni kuotesha mwani mahali unapoutaka. Walter Adey wa Taasisi ya Smithsonian kule Washington alijenga mfumo wa kusafisha maji kwa kuotesha mwani kwenye wavu unaopigwa na maji na mwanga, kisha kuuvuna. Kwa nyumbani inatosha sanduku dogo pembeni ya tangi lenye Chaetomorpha, mwani unaofanana na steelwire ya kusugulia sufuria, na taa inayowaka usiku. Kila unapouvuna na kuutoa, naitreti na fosfeti zimetoka nao.

Zulia jekundu

Kama kinachotanda ni utando mwekundu au wa zambarau, unaoteleza, una mapovu madogo, na ukiushika pembeni unabanduka kipande kizima kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hiyo ni sayanobakteria. Ni bakteria wanaotumia mwanga, na baadhi yao wana uwezo wa kujipatia naitrojeni kutoka ile iliyoyeyuka majini. Ndiyo maana huwa wanatawala pale naitreti ilipokwisha kabisa huku fosfeti ikiwa bado ipo. Mtu akizidi kuibana naitreti, anawaondolea washindani.

Tazama utando umeanzia wapi. Karibu kila mara ni pale maji yanapolala: nyuma ya jiwe, kona ya mchanga. Geuza pampu, safisha pampu (chokaa ikijaa nguvu hupungua kidogokidogo bila wewe kuona), kisha nyonya utando wote kwa mpira. Rudia kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Ikishindikana, zima taa siku tatu, funika tangi kwa shuka nene, acha pampu ya hewa ikifanya kazi. Matumbawe yenye afya yatavumilia.

Kuna watu wanaotia erithromaisini. Inaua, ndiyo, lakini inaua pia bakteria wengine, utando unaokufa unakula oksijeni, na kama hukugusa chanzo zulia litarudi. Sipendi kuona antibaiotiki ya binadamu ikimwagwa kwenye maji yatakayoishia mtaroni.

Kamasi lenye mapovu

Hapa naomba usome polepole.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na nywele za kijani kidogo, sehemu ya jiwe isiyozidi kiganja. Nilitaka tangi lisilo na doa. Niliongeza oksidi ya chuma, nikapunguza chakula, nikabadilisha maji mara mbili kwa wiki. Nywele zikaisha na vipimo vikasoma sifuri kwa sifuri. Nilifurahi kwa muda wa wiki mbili hivi. Kisha yakaanza kuonekana madoa ya kahawia mchangani, mchana yanakua, usiku yanapotea. Nikadhani ni diatomu, nikaendelea kubana. Siku chache baadaye kukawa na nyuzi za kahawia kama kamasi, zikining'inia kwenye matawi ya matumbawe, kila ncha imebeba povu. Konokono walianza kuanguka. Niliwageuza, wakaanguka tena. Ndani ya siku tisa nilitoa maganda 14 yanayonuka. Kila jioni nilibadilisha maji nikidhani nawaokoa.

Hazikuwa diatomu. Zilikuwa dainoflajeleti, vile vijidudu vya seli moja vinavyoogelea, na mimi ndiye niliyezifungulia mlango kwa kulifisha tangi njaa. Mwani wa kijani na bakteria wa kawaida wakikosa chakula, nafasi hubaki wazi, na hawa wanajua kuishi penye ukame.

Kuwatambua hakuhitaji maabara. Nyonya kamasi kidogo pamoja na maji ya tangi, tia kwenye chupa, tikisa kwa nguvu hadi lisambaratike. Chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Maji yaliyopita, yaliyo karibu kuwa safi, yaweke kwenye glasi chini ya taa kwa saa moja. Kamasi likijikusanya upya, nyuzi zikarudi, hizo ni dainoflajeleti: wamepita kwenye karatasi kwa sababu ni wadogo, wameogelea wakatafutana. Sayanobakteria hawafanyi hivyo.

Ukiweza kuazima hadubini inayokuza mara 400, chunguza ni jamii gani, kwa sababu tiba inatofautiana. Ostreopsis wana umbo la tone au mbegu ya tikiti, na huzunguka palepale kana kwamba wamefungwa kwa kamba. Amphidinium huteleza mchangani kwa utulivu. Ostreopsis usiku huacha mawe na kuingia majini, kwa hiyo taa ya UV (mwanga wa urujuanimno unaoua vijidudu) iliyounganishwa moja kwa moja na tangi, ikiwaka usiku kucha, huwapunguza haraka. Amphidinium wengi hubaki mchangani, UV haiwafikii. Kwao watu hutia silika ili diatomu ziote na kuwanyang'anya nafasi. Kwa mara ya kwanza utakuwa unafurahia vumbi la kahawia.

Kwa wote wawili jambo la kwanza ni kulisha tangi. Toa oksidi ya chuma. Acha kubadilisha maji kwa muda. Punguza saa za taa. Pandisha naitreti hadi 5 au 10 na fosfeti hadi 0.1, na uhakikishe hazishuki tena hadi sifuri hata siku moja. Kwa tangi la lita 200, gramu 1.4 za naitreti ya sodiamu safi hupandisha naitreti kwa miligramu 5 kwa lita. Fosfeti nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya akwaria, kwa sababu kipimo chake ni kidogo mno kukisia kwa kijiko. Weka mkaa wa kuchujia ili ushike sumu, na konokono waliobaki wahamishe. Mimi ilinichukua wiki saba. Nywele za kijani zilirudi kidogo, na siku nilipoziona nilishukuru.

Glavu tafadhali. Ostreopsis hutengeneza sumu za ukoo wa palitoksini. Kiangazi cha mwaka 2005 huko Genoa, Italia, walizaliana kwa wingi ufukweni, na watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya kuvuta hewa ya bahari, wakiwa na homa, kikohozi na shida ya kupumua. Mpira wa kunyonyea usiuanzishe kwa mdomo.

Manyoya na malengelenge

Bryopsis hufanana na nywele za kijani hadi uisogelee: kila utepe una mpangilio wa unyoya wa ndege. Konokono wengi hawaigusi. Dawa iliyowasaidia wafugaji wengi ni flukonazo, ile ya kuvu, kwa takriban miligramu 5 kwa lita: kidonge cha miligramu 200 kwa lita 40. Toa mkaa, zima UV, subiri wiki mbili, kisha badilisha sehemu ya maji. Mwani unaokufa utaachia chakula chake majini, kwa hiyo kwanza ng'oa mwingi uwezavyo.

Valonia ni vipira vya kijani vinavyong'aa kama shanga. Kila kipira ni seli moja. Vitoe vizima kwa kucha au koleo, nje ya tangi ikiwezekana, na mpira ukinyonya pembeni.

Ukiona ukoko wa waridi au zambarau, mgumu kama rangi iliyokauka, huo ni mwani wa chokaa. Uache. Umefunga mlango kwa wengine wote.

Umeme na maji ya bahari

Mambo mawili ya huku kwetu. Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, usiku wa joto, oksijeni inaisha, sponji na minyoo ndani ya mawe wanakufa kimyakimya, na wiki mbili baadaye unashangaa mwani umetoka wapi. Pampu ya hewa ya betri ni ya lazima. Baada ya kukatika kwa muda mrefu, pima amonia, sumu itokayo kwa vinavyooza, siku inayofuata na uwe na maji mapya tayari.

La pili, sisi wa pwani tuna bahati ya kuchota maji baharini, na bahati hiyo ina masharti. Sichoti karibu na mdomo wa mto Msimbazi wala mtaro wowote. Wakati wa masika sichoti kabisa, mvua inashusha udongo na maji taka. Nachota maji yakiwa yamejaa, siku ambazo hakujanyesha, nayachuja kwa kitambaa cha pamba, nayaweka gizani kwenye pipa lililofunikwa kwa siku kadhaa, kisha napima chumvi na fosfeti kabla hata tone halijaingia tangini.

Unachokitoa

Mwani uliong'oa, mchanga ulionyonya, maji yake: visirudi baharini, hata kama unaishi hatua kumi kutoka ufukweni. Mwaka 1984 kipande cha Caulerpa taxifolia, mwani wa kupendezesha matangi, kilionekana kikiota chini ya Jumba la Makumbusho ya Bahari la Monaco. Kilienea maelfu ya hekta za Mediterania. Mwaka 2000 mwani huohuo ulikutwa sehemu mbili za pwani ya kusini mwa California, na kuutokomeza kukachukua miaka sita na mamilioni ya dola. Mimi huanika wangu juani kwenye gunia siku tatu, hadi uvunjike mkononi, ndipo nautia kwenye taka. Maji ya ndoo natia jiki, naacha usiku kucha, asubuhi namwaga kwenye sinki.